Nyama ya Jumatatu ya Pasaka

Tukuyu Mjini,
Rungwe.
2 Juni, 1996.

Kwa mdogo wangu mpendwa Ambwene,

Pokea salamu zangu nyingi. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima wa mwili huko Tunduru, maana mzima wa moyo najua hauwezi kuwa. Kile kikohozi cha vumbi la mashimo ya madini ulichokuja nacho Mwaka Mpya kimepona? Uliniahidi utakwenda kupima kifua, na mimi bado nangoja kusikia. Huku tunapumua. Shemeji yako Hezron hajambo. Mvua zimepungua, baridi ya Juni imeshaingia, na asubuhi ukungu unafunika hadi vizingiti. Watoto wako wote wawili niko nao hapa kwangu na hawaumwi. Asifiwe amekwisha jua kusoma. Mdogo wake ameota magego.

Ambwene, barua zote ulizopata kutoka nyumbani tangu Aprili ziliandikwa kwa mkono wangu, na naamini uliutambua mwandiko. Lakini maneno yalikuwa ya Baba mdogo Anosisye. Yeye alisema, mimi nikaandika. Hii ya leo hakuna aliyeniambia niandike nini. Nakuomba uisome hadi mwisho, hata ukifika mahali mkono wako ukataka kuichana.

Nianze na kaburi la Baba, kwa sababu hukuliona. Tulilijengea Jumamosi ya tarehe 30 Machi, juma moja kabla ya Pasaka. Saruji uliyotuma ilitosha, ikabaki hata ya kusakafia mbele ya mlango wa Mama. Wachungaji walikuja wawili, kwaya ya kijijini kwetu Suma iliimba, na watu walijaa hadi kwenye migomba. Tulichinja yule dume mwekundu aliyekuwa na pembe moja. Kina mama walipika mbalaga ya ndizi na nyama masufuria manne makubwa, na nyama nyingine ikachemshwa peke yake kwa chumvi. Watu walikula, wakashiba, wakafungasha, na bado jioni sufuria moja zima la nyama iliyoiva lilikuwa halijaguswa.

Mama akasema nyama ile ipandishwe kwenye uchaga juu ya meko, ikaushwe kwa moshi, kama alivyofanya siku zote tangu tukiwa wadogo. Alitaka iwepo Jumatatu ya Pasaka, kwa sababu wazee wa ukoo kutoka Isongole walikosa kuja siku ya kaburi na walikuwa wameahidi kuja siku ile. Alishaanza kutafuta vijiti vya kuchomekea. Mimi ndiye niliyemzuia. Unajua tangu Hezron apunguzwe kazi shirika lao lilipouzwa, alinunua friza kwa kiinua mgongo chake, tukawa tunauza soda za baridi na barafu za watoto. Katika nyumba yetu nilikuwa wa kwanza kuwa na kitu kama kile. Nilimwambia Mama, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakiosha vyombo, kwamba mambo ya moshi ni ya zamani, siku hizi nyama inakaa mwezi mzima kama imechinjwa leo. Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, akaviweka vijiti chini. Akasema, "Haya, mwenye mashine, chukua."

Nilijaza nyama na mchuzi wake kwenye ile ndoo kubwa nyeupe yenye mfuniko, nikapanda nayo gari la kubebea majani ya chai hadi mjini.

Jumatatu ya Pasaka nilirudi Suma na ndoo. Wageni wa Isongole walikuja saa nne, wakati sisi tuliwategemea saa saba. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zimelowa, jiko zima moshi. Mke wako Lusungu alikuwa peke yake jikoni tangu alfajiri. Tuliipasha ile nyama, tukaongeza nyanya na tangawizi, Lusungu akapakua, mimi nikapeleka sinia barazani. Wazee walikula. Mama alikula. Mimi nilikula. Lusungu hakula.

Hadi saa kumi jioni watu walikuwa wameanza kushika matumbo. Kuharisha na kutapika, Ambwene, sijapata kuona. Walikuwa watu kumi na wanne. Baba mdogo alilala kwenye mkeka akiita jina la marehemu Baba. Mimi mwenyewe nilitambaa. Waliobaki wazima walikuwa Lusungu, watoto ambao tuliwapa mbalaga isiyo na nyama ili nyama iwatoshe wageni, na wazee wawili waliokula vipande vya juu juu tu. Lusungu ndiye aliyekimbia kwenye mvua kutafuta watu wa machela. Ndiye aliyetufuta. Mama alipoishiwa nguvu, ndiye aliyempakata kichwa njia yote kwenye lori la chai hadi hospitali.

Tulitundikiwa maji. Sisi wenye nguvu tuliinuka siku ya pili. Mama alikuwa mtu mzima, na alikuwa amekauka mno kabla hatujafika. Alifariki Jumatano saa tano asubuhi. Mimi nilikuwa bado wodini, kitanda cha pili, naona kila kitu. Neno lake la mwisho alimwambia Lusungu, akimuuliza kama wageni wamepata chai.

Daktari aliyetuhudumia alimwita Baba mdogo akamweleza kwamba ni chakula kilichotudhuru. Alisema nyama inapokaa vibaya huota vijidudu, na vijidudu vingine huacha sumu ambayo hata ukiichemsha haitoki. Alieleza vizuri kabisa, mimi nilimsikia. Lakini Baba mdogo katika maneno yote yale alishika neno moja tu, sumu. Alitoka pale akaenda posta moja kwa moja akakupigia ile simu ya maandishi uliyoipata: "MAMA AMEKUFA SUMU NJOO." Najua barabara ya Songea ilikuwa imekatika kwa masika, na najua ulilala njiani siku nne ukarudi. Tulimzika bila wewe. Yuko kulia kwa Baba.

Baada ya msiba kikao cha ukoo kilikaa. Baba mdogo alisema nyama ilikaa kwenye barafu, na barafu haiozeshi kitu, kila mtu anajua. Kwa hiyo kama kuna sumu, imetiwa na mtu, na imetiwa jikoni. Akasema mtoto wa nyumba, yaani mimi, nilikula nikalazwa, basi simo. Ambwene, ugonjwa ule ulinisafisha mbele ya watu. Kila mtu alinionea huruma. Akabaki mmoja.

Wakakumbushana kwamba Lusungu na Mama waligombana mwezi Machi. Ni kweli waligombana. Lusungu alitaka kuuza mikungu kwa wale wachuuzi wanaokuja na malori kutoka Dar es Salaam, Mama akasema migomba ya mume wake haiuzwi kwa watu asiowajua. Walinuniana siku tatu, yakaisha, wakaenda kanisani wamefunikwa mwavuli mmoja. Hilo la mwavuli hakuna aliyelikumbuka.

Kisha Baba mdogo akamuuliza Lusungu swali moja. Akasema, "Siku ile watu wote tulikula. Wewe mpishi, kwa nini hukula?"

Unajua mkeo alivyo na heshima. Mbele ya baba wakwe hakuwahi hata kuinua uso. Alikuwa amekaa chini na khanga imefunika kichwa, na jibu alilokuwa nalo si jibu ambalo mkwe anaweza kulitamka mbele ya wanaume wale. Akageuza macho akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa najua jibu, na nilikuwa ndiye mtu pekee pale ndani aliyelijua. Nikainama nikaanza kukunja pindo la khanga yangu.

Baba mdogo akasema kunyamaza ni kukiri. Walimtoa siku ile ile. Hawakumruhusu kuchukua hata ndoo yake ya maji. Vijana walimfuata hadi kwenye mto wakimwimbia maneno mabaya, na mmoja alimpiga na bua la muhindi mgongoni. Alikwenda kwao Lupepo kwa miguu. Watoto waliletwa kwangu kwa sababu, walisema, kwa shangazi yao watakuwa salama.

Barua ya kukuarifu hayo nikaiandika mimi. Ulijibu tarehe 9 Mei. Baba mdogo aliniita Suma nikaisome barua yako, nikaisoma kwa sauti mbele ya watu, pale uliposema Lusungu asikanyage tena kwako, asiguse hata kikombe, na kwamba ukirudi utakwenda kwa mchungaji kumaliza mambo ya ndoa. Baba mdogo aliitikia "ndaga, ndaga" kila mstari, kama vile anamshukuru mtu kwa zawadi. Nilisoma mpaka mwisho na sauti yangu haikukatika. Hilo linanitisha kuliko yote.

Wiki iliyopita nilikuwa namsuka Asifiwe. Akaniuliza, taratibu tu, kama anauliza bei ya pipi, "Shangazi, mama akija kunichukua, nikatae chakula chake?" Nikamwuliza nani kamwambia hivyo. Akasema wenzake shuleni wanasema mama yake alimlisha Bibi sumu. Akasema yeye anampenda mama, lakini hataki kufa. Ana miaka saba, Ambwene. Nilishindwa kumaliza kichwa. Nilimwachia nusu imesukwa, nusu haijasukwa, nikaenda kukaa chooni.

Sasa nakwambia.

Hakuna aliyetia sumu. Mama aliuawa na nyama yangu, na mimi nilijua nyama ile ni mbaya kabla haijatoka mjini.

Siku nilipotoka na ndoo Suma, nyama ilikuwa bado ya moto. Nilifika nayo hapa saa mbili usiku na ndani bado kuna joto la kutosha kukuunguza kidole. Jirani yangu Rukia, yule mama wa Kiislamu anayeuza chakula karibu na stendi, alikuwa barazani kwangu ananingoja anunue barafu. Yeye amefanya kazi ya chakula miaka mingi. Aliponiona nainua ndoo kuitia kwenye friza alinizuia. Akasema nisifungie moto namna ile. Niimwage nyama kwenye masinia ipoe upesi, kisha niigawe mafungu madogo madogo kwenye mifuko, kiasi cha kupika mara moja, niyapange yasibanane, ndipo yatakapoganda yote hadi ndani. Akasema ndoo nzima ikiingia hivi, nje itakuwa barafu na katikati itakaa uvuguvugu siku nzima, na humo ndimo inamoharibikia. Aliniambia kwa upole. Mimi nilikuwa nimechoka, na nilijisikia mtu mwenye friza hafundishwi friza. Nikamwambia ahsante, nikaifungia ndoo kama ilivyo.

Jumanne yake ikaja ile dhoruba. Utakuwa hukuisikia huko. Nguzo tatu ziling'oka na mji mzima ulikaa bila umeme tangu Jumanne mchana hadi Alhamisi jioni. Rukia alikuja akaniambia nisifungue mfuniko bila sababu, baridi isitoke. Lakini tulikuwa na soda za harusi ya watu, Hezron alifungua, mimi nilifungua, wateja walitaka kushika wenyewe waone kama kuna ubaridi. Jumatano jioni maji yalikuwa yanachuruzika sakafuni. Niliinua mfuniko wa ndoo nikakuta nyama inaelea kwenye mchuzi, imeyeyuka yote, na pembeni kuna povu dogo dogo. Harufu haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu kama ya nguo iliyolala na unyevu.

Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, kama ingekuwa bado na barafu ndani, au baridi kama ya maji ya mtoni asubuhi, ningeweza kuichemsha sasa hivi hadi itokote, iliwe leo leo na majirani iishe. Kisha akatia kidole kwenye mchuzi akakitoa. Akasema hii haina ubaridi wowote na ina povu, hii ni ya kumwaga. Akanishika mkono akasema, "Dada Atupakisye, umeme ukirudi usiigandishe tena. Barafu haiponyi nyama. Inaificha tu."

Nilimwitikia. Nilikusudia kweli kuimwaga. Nikaanza kufikiria wazee wa Isongole watakula nini, na wale wanawake waliocheka watasemaje. Zaidi ya wote nilimfikiria Mama, na vijiti vyake. Nikasema ngoja kidogo. Nikangoja hadi Alhamisi, umeme ukarudi, friza ikaanza kunguruma, na Ijumaa Kuu nilipofungua nikakuta ndoo ni jiwe jeupe safi, haina harufu, haina povu. Nilifurahi, Ambwene. Nilijiambia kwamba imekuwa nzuri tena. Kwa Rukia nikasema nimeimwaga. Kwa Hezron, aliyekuwa amekwenda Mbeya kutafuta fundi, sikusema chochote.

Jumatatu jikoni ndoo haikuwa imeyeyuka. Tulilitia lile jiwe zima kwenye sufuria. Kuni zilikuwa mbichi, juu mchuzi unatokota na katikati bado bonge la barafu. Lusungu alichomeka mwiko akauondoa akaugusa. Akaniambia, "Wifi, katikati bado kuna baridi. Tuipasue, ichemke yote, wageni tuwape chai kwanza." Nikamwambia wazee hawawekwi na njaa, ikishapata moto inatosha, pakua. Akasema tena, "Na harufu hii, wifi?" Nikakamulia ndimu tatu, nikaongeza tangawizi, nikamwambia ni harufu ya friza, wewe hujaizoea. Akapakua kwa sababu mimi ni mkubwa, na ni mtoto wa nyumba.

Tena, jambo la mwisho, ambalo lingetosha kumwokoa kikaoni. Asubuhi ile, kabla wageni hawajafika, Lusungu alitoka nje mara mbili kutapika. Nilimwuliza. Akacheka kwa aibu akaniambia ana mimba ya miezi mitatu, tangu ulipokuwa nyumbani Mwaka Mpya, na harufu ya nyama yoyote inamgeuza tumbo. Aliniomba nisimwambie mtu, alitaka wewe usikie wa kwanza kwa mkono wake. Ndiyo maana hakula. Ndiyo maana alinitazama.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza kila siku. Mwanzoni nilisema nitaeleza watu wakishatulia. Halafu nikasema wewe ukija. Nilikuwa nimempoteza Mama na nikaona kwamba nikisema nitawapoteza na ninyi nyote kwa siku moja. Nilimtoa mke wako niishi mimi. Sina neno jingine la kuliita.

Ijumaa nilimwambia Rukia ukweli. Hakunilaumu kwa maneno. Alifunga banda lake, akavaa mtandio, akasema twende. Jana tukaenda Lupepo.

Tulimkuta Lusungu uani kwa baba yake anapura maharage. Tumbo limeshatokeza. Amekonda mikono na shingo, macho yameingia ndani. Huko nako hana amani: watu hawapokei hata maji mkononi mwake, na kisimani anangoja wenzake waondoke kwanza. Baba yake aliposikia mimi ni nani hakutupa kiti, akaingia ndani akafunga mlango. Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda ya maharage nikasema yote, jinsi nilivyokuandikia wewe hapa.

Hakuacha kupura. Nilipomaliza akasema, "Nilijua, wifi. Nilijua tangu ile harufu." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema angemwambia nani, naye ni mtu wa kuja na mimi ni damu yao? Akasema kuna jambo linalomuuma zaidi ya kufukuzwa. Akaninyooshea mkono wake wa kulia, akasema, "Huu ndio uliompakulia Mama. Nilijua siyo nzuri, nikaogopa kukubishia, nikapakua. Kila nikila nautazama." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na Rukia akatuacha tulie.

Nikamwambia nitakwenda Suma siku ile ile kusema mbele ya Baba mdogo. Akakataa. Akasema nikianza kwa Baba mdogo atanificha, atasema nimerogwa, nimechanganyikiwa kwa uchungu, na neno halitakufikia kamwe. "Mwandikie mume wangu kwanza," akasema, "barua ikishaondoka, haiwezi kurudishwa, ndipo uwaambie wao." Ni kweli. Kwa hiyo leo nimeandika. Kesho Jumatatu nitaitia posta kwa mkono wangu, iandikishwe, na kutoka posta nitapanda kwenda Suma. Nimemwomba mchungaji awepo, na Rukia amekubali kuja kueleza alichokiona kwenye ndoo. Daktari naye ameahidi kuandika barua fupi. Hezron anajua tangu jana. Hajanisemesha, ila amehamishia soda zake kwa jirani na kuichomoa friza ukutani. Watakalonifanya Suma silijui. Vijana wale wale waliomfuata Lusungu mtoni wapo.

Asifiwe nimeshamwambia. Nilimwambia Bibi alikufa kwa nyama iliyoharibika, na aliyeiharibu ni mimi, siyo mama yake. Kisha akaniomba nisimpikie leo, atakula ndizi mbivu. Nikampa ndizi.

Mdogo wangu, sikuombi msamaha kwenye karatasi. Msamaha wa karatasi ungekuwa rahisi mno kwangu. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, usimwandikie mchungaji neno lolote la kuvunja ndoa yako. La pili, njoo. Barabara imekauka sasa, magari ya Songea yanapita. Mimba ile ni yako, hesabu mwenyewe tangu Mwaka Mpya, na usimsikilize mtu atakayekwambia vingine. Lusungu amesema hatarudi Suma kwa neno la Baba mdogo wala kwa machozi yangu. Atarudi akikuona wewe umesimama mlangoni kwa baba yake.

Rukia anakusalimu na anakupa pole ya Mama. Asifiwe anasema umletee kalamu ya rangi nyekundu. Mdogo wake hajui kusalimu bado, ila anachezea kofia uliyoiacha. Kaburi la Mama bado ni udongo, limeota majani mafupi. Nalipalilia kila Jumamosi, na sasa sijui kama wataniruhusu kuendelea.

Ukifika Tukuyu usiingie kwangu kwanza, hata kama ni usiku na una njaa. Pitiliza Lupepo.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, hata kama utanikana,

Atupakisye